Funzo la Vyombo vya Angani kwa Wanaodai Kiswahili Hakitoshi

Ipo kauli moja ambayo imerudiwa katika vyumba vya walimu, katika mabaraza ya wasomi na hata kurasani mwa magazeti mpaka ikakaribia kuaminika kuwa kweli. Ati Kiswahili ni lugha tamu ya mashairi, ya siasa na ya sokoni, lakini inapofika zamu ya sayansi hupigwa na bumbuwazi, kikabaki kudoea maneno ya wengine. Wanaosema hivyo si maadui wa lugha hii. Aghalabu ni watu waliosoma, tena waipendao, ila wamekata tamaa.

Leo sikusudii kuwajibu kwa nadharia za isimu, ingawa ndiyo kazi inayonipa mkate wangu wa kila siku. Nitawajibu kwa kuchukua jambo ambalo hata kwa Kiingereza huwatatiza wengi, nalo ni jinsi vyombo vya angani vinavyobadilisha mizingo yao ili kimoja kikifikie kingine. Msomaji akifika mwisho wa makala haya akiwa ameelewa, hoja yangu itakuwa imejithibitisha yenyewe. Asipoelewa, lawama na ziwe za mwandishi, zisiwe za Kiswahili.

Tuanze na mzingo wenyewe. Wengi hudhani kwamba chombo cha angani hakianguki kwa sababu kimefika mahali pasipo na uvutano wa dunia. Sivyo hata kidogo. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huzunguka takriban kilomita 400 juu ya vichwa vyetu, na uvutano mahali pale ni kama asilimia 89 ya ule tulio nao hapa ardhini. Kituo kile huanguka kila sekunde. Ila kinakwenda mbele kwa kasi ya karibu kilomita 7.7 kwa sekunde, na kwa kadiri kinavyoanguka, ndivyo uso wa dunia nao unavyojipinda chini yake. Basi huanguka daima bila kugonga chochote, na humaliza mzunguko mmoja kwa dakika zipatazo 93. Njia hiyo ya kuanguka pasi na kufika chini ndiyo tuiitayo mzingo, au obiti kwa wapendao neno la kukopa.

Johannes Kepler, mtaalamu wa Kijerumani aliyetangaza kanuni zake kati ya mwaka wa 1609 na 1619, alitufunza kwamba kadiri mzingo unavyokuwa mdogo, ndivyo chombo kinavyokwenda mbio zaidi na kumaliza mzunguko mapema zaidi. Kanuni hiyo aliivumbua kwa kuzichunguza sayari zinazolizunguka jua, lakini hata setilaiti zetu haziwezi kuikaidi. Chombo kilicho kwenye kimo cha kilomita 200 huizunguka dunia kwa dakika kama 88 na nusu. Kwa hivyo kila mzunguko mmoja humpunja mwenziwe wa kilomita 400 dakika 4 hivi.

Sasa ndipo linapokuja fumbo. Tuseme vyombo viwili vimo katika mzingo mmoja wa kilomita 400, kimoja kimetangulia na kingine kiko nyuma. Nahodha wa kile cha nyuma anataka kumfikia mwenzake. Afanye nini? Mtu aliyezoea barabara ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa atajibu bila kusita kwamba akanyage mafuta na kumfukuza. Naam, tumjaalie nahodha wetu afanye hivyo. Anawasha injini na kujiongezea kasi ya mita 10 kwa sekunde, ambayo si zaidi ya kasi ya baiskeli iliyo mbioni. Papo hapo njia yake inatanuka. Akifika upande wa pili wa dunia anajikuta kilomita kama 35 juu ya kimo alichokuwa nacho. Njia imekuwa ndefu zaidi, na ule mpando umemla kasi yake, kama jiwe lililorushwa juu linavyopungua mwendo kila linapozidi kupaa. Anaporudi mahali alipoanzia, anakuwa amechelewa sekunde zipatazo 22. Katika sekunde hizo mwenzake amemwacha kwa zaidi ya kilomita 160 kuliko mwanzo. Amefukuza na amezidi kuachwa!

Tugeuze mambo. Nahodha aelekeze injini mbele na kujipunguzia kasi kwa mita zile zile 10. Sasa njia inasinyaa. Upande wa pili wa dunia anashuka kilomita kama 35, na katika kushuka kule kasi yake inaongezeka. Njia ni fupi na mwendo ni wa haraka, kwa hivyo anarejea pale pale alipoanzia sekunde 22 mapema. Ikiwa mwenzake alikuwa ametangulia kwa kilomita 160 na ushei, watakutana. Ila bado lipo jambo moja. Lazima nahodha ajisukume mbele kwa mita zile 10 alizojinyima mwanzoni, la sivyo atampita mwenziwe kama basi linalopita abiria kituoni. Kukutana angani si kufika mahali pamoja tu, bali ni kufika mahali pamoja, kwa wakati mmoja, kwa kasi moja, na kuelekea upande mmoja.

Lipo la ajabu zaidi. Chombo kikitaka kupanda kutoka kilomita 200 hadi kilomita 400, njia isiyokula mafuta mengi ni ile iliyofafanuliwa na mhandisi Mjerumani Walter Hohmann katika kitabu chake cha mwaka wa 1925. Chombo hujisukuma mbele mara moja, kikapanda kwa muda wa dakika 45 hivi hadi kileleni, kisha kikajisukuma mbele mara ya pili ili kubaki huko. Kila msukumo huongeza takriban mita 58 kwa sekunde. Mwanafunzi atajumlisha na kusema kwamba kasi imeongezeka kwa mita 116. Kumbe chombo kikishatulia juu, kasi yake huwa imepungua kwa mita kama 115! Kimesukumwa mbele mara mbili na kimekuwa mzito wa mwendo kuliko awali. Nguvu yote ile imelipia mpando.

Ninaeleza haya si kwa kujionyesha, bali kwa sababu kuna kisa cha kweli kinachobeba hoja yangu. Tarehe 3 Juni mwaka wa 1965, Wamarekani James McDivitt na Edward White walirushwa angani katika chombo kiitwacho Gemini 4. Mojawapo ya majukumu yao lilikuwa kukisogelea kipande cha juu cha roketi iliyowapandisha, ambacho kilikuwa kikielea karibu nao. McDivitt alikielekezea chombo chake na kujisukuma. Kile kipande kikazidi kwenda zake. Akajisukuma tena, na tena kikamponyoka. Jitihada hizo zilikula mafuta mengi mno, hata ikabidi ziachwe. Ni kweli kwamba hawakuwa na rada, na taa za kipande kile hazikuwasaidia sana. Lakini mhandisi mmoja wa mradi huo alisema baadaye kwamba kiini cha tatizo ni kuwa elimu ya mwendo wa mizingo ilikuwa bado haijawakaa vyema.

Hebu na tulitafakari jambo hili sisi walimu. Je, McDivitt alikosa istilahi? Lugha yake ya mama ilikuwa Kiingereza, ile ile ambayo tunaambiwa ndiyo ghala la sayansi. Maneno yote ya mizingo, ya kimo na ya msukumo yalikuwemo kamusini mwake. Kilichomponza si uhaba wa maneno, bali ni maneno ya kila siku kumjaza fikra za kila siku. "Mbele", "nyuma", "fukuza" na "fikia" ni maneno yaliyozaliwa ardhini, kwenye miguu ya wanadamu na kwato za wanyama. Yakipandishwa kwenye mzingo bila kufafanuliwa hupotosha, yawe ya Kiingereza, ya Kirusi au ya Kiswahili. Hakuna lugha yoyote duniani iliyoumbwa ikiwa imekwisha kuyajua mambo ya angani. Zote zililazimika kufunzwa.

Na Wamarekani walijifunza. Tarehe 4 Desemba mwaka huo huo, Frank Borman na James Lovell walitangulia katika Gemini 7. Tarehe 15, baada ya jaribio moja la kuondoka kukatizwa pale injini zilipozimika zikiwa bado ardhini, Walter Schirra na Thomas Stafford wakawafuata katika Gemini 6. Safari hii hakuna aliyefukuza mtu. Waliingia katika mzingo wa chini, ambao ni wa haraka, wakaacha kanuni za Kepler ziwapunguzie umbali mzunguko baada ya mzunguko, kisha wakapanda kwa hatua zilizopigiwa hesabu. Baada ya saa zipatazo 6 vyombo vile viwili vilikuwa vikitazamana ana kwa ana, na kwa wakati fulani pengo baina yao lilikuwa kama sentimita 30 tu. Hapo karibu kabisa, ambapo masafa ni mafupi na muda ni mdogo, ndipo fikra zetu za ardhini zinaporudi kufaa, na nahodha huweza kulenga na kujisukuma taratibu. Miongoni mwa wanaanga wa wakati huo alikuwamo Edwin Aldrin, aliyekuwa ameandika tasnifu yake ya uzamifu mwaka wa 1963 juu ya suala hili hili la kukutana kwenye mzingo. Miaka 6 baadaye alitembea mwezini, na uhai wake ulitegemea chombo chake kupanda kutoka huko na kukifikia kingine kilichokuwa kikimngoja katika mzingo wa mwezi.

Sasa nirudi nyumbani. Ati hatuna maneno? Neno walilolitumia Wamarekani kwa kukutana huko angani walilikopa kwa Wafaransa, na maneno yao ya kilele na kitako cha mzingo asili yake ni Kigiriki. Hakuna aliyewacheka. Sisi tunalo neno makutano, tunalo mzingo, tunayo kani, kasi, kimo na msukumo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka wa 1990. Isitoshe, sarufi yetu imejaaliwa utajiri wa mnyambuliko wa vitenzi. Kutokana na "kuta" tunapata kutana, kutanisha na kutanishwa. Kutokana na "fuata" tunapata fuatana, fuatia na fuatilia. Tofauti ambazo lugha nyingine huzieleza kwa fungu zima la maneno, sisi huzipachika katika silabi moja.

Fauka ya hayo, tunayo hazina ya mabaharia wa pwani yetu. Nahodha wa jahazi anayekabiliwa na upepo wa mbisho haelekezi omo moja kwa moja anakotaka kwenda, kwa maana akifanya hivyo tanga litapwaya na chombo kitasimama. Yeye hubisha. Huenda upande, akageuza, akaenda upande wa pili, na kwa kukaa kando ya shabaha yake ndivyo anavyoikaribia. Sisemi kwamba kubisha baharini na kubadilisha mzingo ni jambo moja, kwani kule kuna upepo na maji, na huku kuna uvutano mtupu. Ninachosema ni kwamba mtoto wa Lamu au wa Vanga aliyeona mashua ikibisha amekwisha kupokea nusu ya somo, yaani kwamba njia ya kufika si lazima iwe ya kuelekea. Mwalimu wake akiijua lugha hiyo, nusu iliyobaki itaingia bila taabu. Asipoijua, mtoto atakariri.

Na kukariri ndiko kunakonitia simanzi. Nimezoea kuwauliza wanafunzi wangu wa chuo kikuu, hasa wale waliopita vizuri katika fizikia, swali lile lile la nahodha aliye nyuma ya mwenzake. Wengi hunitajia kanuni za Kepler kwa Kiingereza fasaha, neno kwa neno, bila kukosea. Kisha nikiwauliza injini ielekezwe wapi, hunijibu kwamba akanyage mafuta. Wamemeza kanuni kama mgonjwa amezavyo kidonge bila kujua kinatibu nini. Maneno wanayo, maana hawana. Jambo hili si dogo. Kijana wa namna hiyo atapita mtihani, atapewa cheti, na siku moja atakabidhiwa mtambo.

Najua nitapingwa. Kuna watakaosema kwamba mitihani yetu ni ya Kiingereza, kwamba katika shule zetu Kiingereza ndicho lugha rasmi ya kufundishia kuanzia Gredi ya 4, na kwamba vitabu vya elimu ya juu vimeandikwa kwa lugha hiyo. Hoja hiyo ina uzito wala siipuuzi. Sijasema Kiingereza kitupwe jaani. Ninachodai ni kwamba kufafanua na kutahini ni kazi mbili tofauti. Mwalimu anaweza kulieleza jambo kwa lugha ambayo mwanafunzi anafikiria kwayo, akahakikisha limeeleweka, kisha akampa istilahi za Kiingereza za kuvalia siku ya mtihani. Mwenye maana hutafuta neno akalipata, lakini mwenye neno tupu hana pa kuitafutia maana.

Watakuwapo pia watakaosema kwamba istilahi zetu zimevurugika, kwamba huyu anasema mzingo, yule obiti, na mwingine njia ya mzunguko. Hilo nakubaliana nalo, na ni aibu yetu wanaisimu. Pia tuna tabia ya kulitumia neno kasi kwa mambo mawili ambayo wanafizikia huyatenganisha, yaani wepesi wa mwendo peke yake, na wepesi pamoja na mwelekeo wake. Katika mambo ya mizingo tofauti hiyo ni kubwa mno. Kugeuza mwelekeo wa mzingo kwa digrii 1 tu, bila kuongeza kimo hata shubiri, hudai msukumo wa mita kama 134 kwa sekunde, kuliko ule wa kupanda kilomita 200! Ndiyo maana roketi husubiri dunia igeuke mpaka uwanja wake uwe sawa na mzingo wa kinachofuatwa, na ikikosa wakati wake huahirishwa. Lakini dosari hizi hazitatibiwa kwa kuacha kuzungumza. Istilahi hukomazwa kwa kutumiwa, kama panga linavyonolewa kwa kupitishwa jiweni.

Wala mtu asiseme kwamba mambo haya hayatuhusu. Tarehe 12 Desemba mwaka wa 1970, siku ya sikukuu yetu ya Jamhuri, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengewa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, nayo ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya nchi hii. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, yenye upana wa sentimita 10 tu, ilipakiwa katika chombo cha mizigo kilichoondoka Florida tarehe 2 na kukifikia Kituo cha Kimataifa tarehe 4, kwa hesabu zile zile nilizozieleza hapa. Mwezi uliofuata ikaachiliwa kutoka huko. Kazi ya vijana wa Kenya ilikwisha kusafiri kwa mizingo ya kufikiana. Je, ni halali tuwaambie wadogo zao kwamba lugha yao haiwezi kulisimulia jambo hilo?

Nami kama mwanaisimu sitasahau kisa cha Julai mwaka wa 1975, pale chombo cha Marekani na cha Muungano wa Kisovieti vilipokutana angani na kushikamana tarehe 17. Palizuka swali la lugha, nayo suluhu ilikuwa ya busara. Wamarekani walizungumza Kirusi, na Wasovieti wakazungumza Kiingereza, kila mmoja akiitumia lugha ya msikilizaji wake. Hata mitambo ya kushikamania iliundwa kwa namna ya kwamba chombo chochote kati ya viwili kingeweza kuwa mshikaji au mshikwaji. Aliyesema alijishusha kwa anayesikia. Huo ndio ualimu.

Kwa hivyo natoa rai kwa walimu wenzangu wa fizikia. Kabla ya kuandika kanuni ubaoni, mwulize mwanafunzi swali la nahodha, na umwache ajibu kwa lugha itakayomjia kwanza. Kwa walimu wa Kiswahili, insha za "Siku Nisiyoisahau" zimetosha. Waagizeni wanafunzi waeleze kwa nini mwezi hauanguki, au kwa nini aliye nyuma angani hujipunguzia kasi ili afikie. Nanyi wanafunzi, msikubali kutoka darasani na neno ambalo hamwezi kumfafanulia bibi yenu likaeleweka. Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini katiba haifundishi fizikia. Kazi hiyo imebaki mikononi mwetu.

Tangu zamani vyombo vya Warusi vilichukua siku 2 kukifikia Kituo cha Kimataifa. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2020 kimoja chao kiliwabeba wanaanga na kufika kwa saa 3 hivi. Siri haikuwa injini yenye nguvu zaidi. Ilikuwa kuijua njia barabara na kuondoka kwa wakati wake. Nasi tukitaka vijana wetu wawafikie wenzao waliotangulia katika elimu, tusiwahimize tu kukanyaga mafuta. Kwanza tuwaeleze njia, tena kwa lugha waielewayo.